Kabla ununue dhahabu, uliza nani amekaa katikati

Oktoba 2025 nilituma shilingi 18,000 kwa mtu ambaye hadi leo sijawahi kumwona. Zilikuwa pesa za kompyuta. Nilikuwa nimezikusanya miezi saba, nikihariri video za harusi na za maduka kwa simu iliyopasuka kioo. Wiki hiyo bei ya dhahabu duniani ilikuwa imevuka dola 4,000 kwa aunsi moja, na ghafla kila msee kwenye simu yangu alikuwa mtaalamu wa madini. Mtu akaniongeza kwenye kikundi cha WhatsApp. Msimamizi alikuwa na picha za vipande vya dhahabu kwenye mizani, video ya mtu akichimba, na maelezo mafupi tu: wachimbaji wa Kakamega wana mzigo, hawana nauli ya kuufikisha Dubai, sisi tuchange, na baada ya wiki mbili kila mtu arudishiwe mara mbili.

Wiki mbili zilipoisha aliomba "ada ya forodha", shilingi 6,000 zaidi. Hapo ndipo nilijua nimechomwa.

Kinachouma zaidi ni kwamba kwetu ni Kakamega. Desemba nilipoenda nyumbani nilimweleza kukhu yangu. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua mboga, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, dhahabu imekuwa ikitoka hapa tangu baba yangu akiwa kijana. Umewahi kuona nani wa hapa akijenga kwa hiyo dhahabu?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi Nairobi nikaanza kusoma historia, na nikaona kitu ambacho natamani mtu angeniambia kabla ya kutuma zile pesa. Katika historia yetu ya dhahabu, anayechimba hapati sana, na anayenunua kwa pupa hapati kabisa. Anayepata ni yule aliyekaa katikati yao. Kwa hivyo mtu mdogo kama mimi na wewe akitaka kuweka akiba kwa dhahabu, swali la kwanza si "bei itapanda?" Swali la kwanza ni "nani amekaa katikati, na anachukua ngapi?"

Kilwa: jumba lilijengwa mbali na mgodi

Tuanze mbali kidogo, Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika pale akaandika kwamba ni mojawapo ya miji mizuri aliyoiona. Sultani wa wakati huo, al-Hasan ibn Sulaiman, ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, lile jumba ambalo magofu yake yapo hadi leo, juu ya mwamba unaotazama bahari.

Pesa zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye dhahabu. Lakini Kilwa haina mgodi hata mmoja. Dhahabu ilichimbwa bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikabebwa hadi bandari ya Sofala, ambayo leo iko Msumbiji, kisha ikapanda jahazi kuelekea kaskazini. Kilwa iliidhibiti Sofala. Mfanyabiashara aliyetaka kwenda kununua dhahabu alilipa kodi Kilwa, na aliporudi nayo alilipa tena.

Sasa fikiria yule aliyeshuka shimoni kule bara. Alipata nguo na shanga. Mfanyabiashara alipata faida, ila baada ya kodi na hatari ya bahari. Aliyekaa mlangoni akapata jumba.

Na mlango ukiwa na mali, mtu mwenye nguvu zaidi atautaka. Mwaka 1505 Wareno waliishambulia Kilwa na mwaka huohuo wakajenga ngome Sofala. Wao hawakuja kuchimba. Walikuja kukaa katikati.

Kakamega: sheria ya "milele" iliyodumu miaka miwili

Ruka miaka 600 kamili kutoka safari ya Ibn Battuta. Ni 1931, na dunia nzima imefilisika. Bei ya mahindi na kahawa imeanguka, na walowezi wa Kenya wana madeni benki. Mwaka huo mlowezi Mmarekani anayeitwa Johnson anapata dhahabu karibu na Kakamega.

Kuna jambo lingine lililotokea mwaka uleule ambalo watu husahau kuliunganisha. Tarehe 21 Septemba 1931 Uingereza iliacha kufunga pauni yake kwa dhahabu. Kabla ya hapo aunsi moja ilikuwa pauni 4 na robo, mwaka nenda mwaka rudi. Baada ya hapo pauni ikashuka thamani, na kufikia 1935 aunsi hiyohiyo ilikuwa takriban pauni 7. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwa pauni, ishirini kwa moja, kwa hivyo hapa kwetu aunsi ilitoka kama shilingi 85 ikafika kama 140. Dhahabu yenyewe haikubadilika. Pesa za karatasi ndizo zilizopungua nguvu. Kumbuka hili, litarudi.

Walowezi wakamiminika Kakamega na mahema, vigingi na karai za kuoshea mchanga. Shida ilikuwa moja: ardhi ile ilikuwa ya wenyeji kisheria. Mwaka 1930 tu, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kusema ardhi za wenyeji ni zao milele. Kama kipande kingechukuliwa, ilibidi baraza la wenyeji liulizwe na kipande kingine kama hicho kitolewe mahali pake. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa. Kwa ardhi ya madini, hakuna kuuliza baraza, hakuna kutoa ardhi nyingine. Mtu alipewa fidia ya pesa akaambiwa asonge. Hata Uingereza kwenyewe kuna wabunge waliopiga kelele, lakini sheria ilipita.

Milele ilidumu miaka miwili.

Wenyeji waliingia kwenye dhahabu kama vibarua. Baba ya kukhu alikuwa mmoja wao, pale Rosterman, mgodi mkubwa kuliko yote ya Kakamega wakati huo. Kukhu anasema alirudi nyumbani na blanketi, kikohozi na hadithi. Mgodi ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walowezi wengi wadogo waliokuja na karai pia hawakuomoka. Walitumia akiba yao, wakapata vumbi kidogo, wakarudi shambani. Waliofaidika zaidi ni kampuni zilizokuwa na mitambo, na wale waliouza vyakula, vifaa na pombe kwa wachimbaji.

Leo bado kuna vijana wanashuka mashimo Ikolomani na kule Migori. Wanasaga mawe, wanakamatisha dhahabu kwa zebaki kwa mikono mitupu, kisha wanamuuzia dalali aliyesimama pale pale na mizani yake. Dalali anamuuzia mwingine, naye mwingine, hadi Nairobi na ng'ambo. Kila mkono unakata kidogo. Yule jamaa wa WhatsApp aliitumia hadithi hii kwa sababu nusu yake ni kweli: wachimbaji wapo na dhahabu ipo. Uongo ni kwamba inahitaji 18,000 zako ili ipande ndege.

Goldenberg: dhahabu ambayo haikuwepo

Kama unadhani mimi ndiye Mkenya wa kwanza kulipia dhahabu hewa, uliza wazazi wako kuhusu Goldenberg.

Mapema miaka ya 1990 Kenya ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni. Kampuni ya Goldenberg International ikapewa mpango maalum: iuze dhahabu na almasi nje, ilete dola, na serikali iilipe nyongeza ya asilimia 35 juu ya mauzo hayo. Angalia vizuri. Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yetu ilikuwa kidogo sana ukilinganisha na kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi. Lakini nyongeza ililipwa, mabilioni ya shilingi ya walipa kodi. Mwaka 2003 iliundwa tume chini ya Jaji Samuel Bosire kuchunguza jambo hilo, na wananchi wakasikia hadharani jinsi hazina yao ilivyolipia mauzo ambayo hayakuwepo.

Hapa aliyekaa katikati hakuhitaji hata dhahabu yenyewe. Alihitaji karatasi na mtu wa kuipiga muhuri.

Sasa lile jambo la 1931 linarudi. Kati ya Goldenberg, pesa nyingi zilizomwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992, na wafadhili kufunga mkono, shilingi iliumia. Mwaka 1990 dola moja ilikuwa kama shilingi 23. Wastani wa 1993 ulikuwa kama 58, na mfumuko wa bei mwaka huo ulifika karibu asilimia 46. Unga, nauli, karo, kila kitu kilipanda.

Kwa dola, dhahabu haikufanya lolote la maana katika miaka hiyo. Ilikuwa wastani wa kama dola 383 kwa aunsi mwaka 1990, na kama 360 mwaka 1993, yaani ilishuka kidogo. Lakini piga hesabu kwa shilingi: kutoka karibu 8,800 hadi karibu 20,900. Mkenya aliyekuwa na dhahabu ya kweli kabatini hakutajirika, ila alibaki alipokuwa huku mwenye noti akizama. Hiyo ndiyo kazi ya dhahabu. Ni mwavuli. Ukiona mtu anakuuzia mwavuli akikuambia ni ndege, toka mbio.

1980: walionunua siku ya shangwe

Lakini hata mwavuli unaweza kuununua kwa bei mbaya, na hapa inabidi tutoke Kenya kidogo, kwa sababu bei tunayoiona kwenye simu inapangwa kwenye masoko ya nje.

Hadi mwaka 1971 Marekani ilikuwa na ahadi kwamba serikali nyingine zinaweza kubadilisha dola zao kwa dhahabu, dola 35 kwa aunsi. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon akafunga dirisha hilo. Kuanzia hapo bei ikawa huru, na Januari 1980 ilifika dola 850. Watu walipiga foleni madukani kununua.

Aliyenunua siku hiyo alifanywa nini? Mwaka 1999 bei ilikuwa imeshuka hadi kama dola 252. Alisubiri hadi 2008 kuona 850 tena. Na ukihesabu jinsi vitu vilivyopanda bei katikati, nguvu halisi ya pesa zake ilirudi 2025 hivi. Miaka 45! Mtu ananunua akiwa kijana, anapata haki yake akiwa na wajukuu.

Fedha, yaani ile madini nyeupe ya pete na bangili, ilikuwa na drama zaidi. Ndugu wawili matajiri wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walinunua fedha nyingi sana, sehemu kubwa kwa mkopo. Januari 1980 bei ilikaribia dola 50 kwa aunsi. Tarehe 27 Machi mwaka huohuo ikaanguka chini ya dola 11. Mabilionea waliyumba. Sasa wewe unataka kununua kwa mkopo wa simu?

Bangili za mama wa Mombasa

Rafiki yangu wa chuo anatoka Mombasa. Alipokosa karo ya mwaka wa pili, mamake alifungua kisanduku, akatoa bangili mbili, akaenda kwa sonara Mji wa Kale. Karo ikalipwa. Bangili hizo alipewa alipoolewa. Hakuzinunua kwa sababu ya habari za jioni, na hakuwahi kuangalia bei kila asubuhi. Alizivaa harusini akaziweka. Kwa wanawake wengi wa Pwani hiyo imekuwa benki yao kwa vizazi vingi: mali ya mwanamke mwenyewe, isiyohitaji saini ya mtu.

Nilipomsifu, mama yule alicheka akaniambia, "Mwanangu, sonara naye anakula. Mapambo yana ufundi wake."

Tufanye hesabu yake kwa namba rahisi. Tuseme gramu ya dhahabu safi ni shilingi 15,000. Unanunua bangili ya gramu 10, karati 18. Karati 24 ndiyo safi kabisa, kwa hivyo karati 18 ni robo tatu tu: una gramu 7.5 za dhahabu, thamani 112,500. Sonara anaongeza asilimia 15 ya ufundi, unalipa 129,375. Kesho yake ukipata dharura, anainunua tena kwa asilimia 10 chini ya thamani ya dhahabu yake: unapata 101,250. Umepoteza 28,125 kwa usiku mmoja, na hakuna aliyekutapeli. Ili urudishe pesa zako tu, dhahabu inafaa ipande kama asilimia 28.

Mama wa Mombasa alikaa na bangili zake zaidi ya miaka ishirini, kwa hivyo muda ulimeza gharama hiyo. Wewe unayepanga kuuza Krismasi, muda haukusaidii.

Sasa mtu mdogo afanye nini?

Mimi si mshauri wa fedha, ni msee aliyechomwa akasoma. Lakini historia hii imenipa maswali manne, na siachi shilingi itoke kabla ya kuyajibu.

La kwanza, dhahabu iko wapi na nani anaishika? Kama ni mkononi, ipimwe mbele yako, na upewe risiti yenye karati na uzito. Dhahabu ni nzito ajabu, gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, zaidi ya mara mbili ya shaba nyeupe au ya njano. Kipande kikubwa kinachoonekana kama dhahabu lakini ni chepesi mkononi ni feki. Kama ni madini ghafi, Sheria ya Madini ya 2016 inataka anayeyafanyia biashara awe na leseni. Hana? Maongezi yameisha.

La pili, ni gharama ngapi kuingia na kutoka? Uliza bei ya kununua na bei ya kuuza siku hiyohiyo, kwa mtu huyohuyo. Tofauti yake ndiyo mshahara wa aliyekaa katikati. Sarafu au kipande kidogo cha karati 24 kwa kawaida kina ufundi mdogo kuliko mkufu. Usichukie mshahara huo, ujue tu ni ngapi.

La tatu, kuna njia ambayo mtu wa katikati anasimamiwa? Tangu 2017 kuna hazina ya dhahabu inayoitwa NewGold kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Kila kipande kinawakilisha karibu sehemu moja ya mia ya aunsi, na dhahabu yenyewe imewekwa ghalani. Unahitaji akaunti ya CDS na wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na majina ya waliosajiliwa yako wazi kwa umma. Si paradiso: kuna ada ya kila mwaka, ada ya wakala, na wanunuzi ni wachache, kwa hivyo kuuza haraka kunaweza kukusumbua. Lakini hakuna atakayekuomba nauli ya Dubai.

La nne, nitaweza kukaa nayo hata ikishuka nusu? Dhahabu haizai. Haikupi riba kama hati ya serikali, wala gawio kama sacco. Kwa hivyo kwangu inakuja baada ya akiba ya dharura na baada ya kulipa madeni, na iwe sehemu ndogo tu, ile ambayo nikiisahau miaka kumi sitalala njaa.

Zile 18,000 hazikurudi. Niliripoti, nikapewa namba ya kesi, basi. Bado nahariri kwa simu iliyopasuka. Ila nimeanza tena kidogo kidogo, na kompyuta inakuja kwanza, dhahabu baadaye.

Kukhu alinipigia juzi kuuliza kama bado nataka kuwa tajiri wa dhahabu. Nikamwambia hapana, nataka tu kujua bei ya kununua na bei ya kuuza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hayo ndiyo maswali ambayo baba yangu hakuruhusiwa kuuliza."

Wewe unaruhusiwa. Uliza.